Siagi ya Njugu na Mbadala Wake: Nani Apunguziwe Mafuta?

Twawaomba radhi wasomaji wetu waliozoea kutukuta katika ukurasa huu tukizungumzia malezi na mambo ya ndoa. Juma hili tumeingia jikoni. Hatukuingia kwa kupenda. Tuliitwa huko na maradhi, na maradhi yakimwita mtu hayamwulizi kwanza kama kazi hiyo aijua.

Ilikuwa usiku wa manane, mwezi wa Mfungo Nne. Mwenzetu wa nyumbani aliamka ameushika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, maumivu yakimpanda mgongoni mpaka begani. Tulidhani ni gesi au vidonda vya tumbo, tukamchemshia kikombe kizima cha maziwa ya ng'ombe, na malai yake juu. Maumivu yakazidi. Kulipopambazuka tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya ultrasaundi, na picha ikaonyesha vijiwe katika mfuko wa nyongo.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wa rika la mwanetu wa pili. Alimwuliza kwa adabu, "Mama, asubuhi huwa unakula nini?"

"Chai na mkate wa boflo, mwanangu. Mahamri nimeyaacha, mwaka wa pili huu, kwa ajili ya mafuta."

"Na mkate unaupaka nini?"

"Siagi ya njugu. Kila kipande vijiko viwili. Ndiyo inishibishayo mpaka adhuhuri."

Kijana aliitua kalamu yake mezani. Alitueleza bila ya kutucheka, nasi twamshukuru kwa hilo, kwamba siagi ya njugu, hata ile halisi isiyotiwa kitu ila njugu na chumvi, nusu ya uzito wake ni mafuta. Katika gramu 100 mna takribani gramu 50 za mafuta, gramu 25 za protini, na kalori zinazokaribia 600. Vijiko viwili vya mezani, ambavyo ni kama gramu 32, vina gramu 16 za mafuta na kalori 190. Vipande viwili vya mkate vilivyopakwa kama alivyopaka mwenzetu ni gramu 32 za mafuta kabla jua halijapanda. Hamri moja lililokaangwa vizuri na kuchujwa halifiki hata karibu ya hapo. Kwa miaka miwili mama wa watu alikuwa ameyakimbia mafuta machache akayafuata mengi, na sisi tuliokaa naye meza moja tulikuwa tukimsifu.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajayajua maradhi haya, na Mungu awaepushe nayo, mambo huenda hivi. Ini ndilo litengenezalo nyongo, na mfuko wa nyongo huiweka akiba. Mtu alapo mafuta, mfuko huo hujikaza ili uikamue nyongo iende utumboni kuyavunjavunja mafuta. Ikiwa ndani mna vijiwe, kule kujikaza hukisukuma kijiwe kwenye mlango wa mfereji, kikaziba, na hapo ndipo mtu huamka usiku akajiuma midomo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, khasa waliozaa, na khasa waliovuka miaka arobaini. Dawa ya kuling'oa shina ni upasuaji. Kupunguza mafuta hakuviyeyushi vijiwe. Humpunguzia tu mgonjwa maumivu anapoingojea siku yake. Na mgonjwa akishikwa na homa, au macho yakageuka manjano, au maumivu yakakataa kutulia kwa saa kadhaa, asikae kungoja miadi: apelekwe hospitali saa ile ile.

Tulirudi nyumbani tukafanya kama wafanyavyo wanaume wengi waliolivamia jiko wasilolijua. Tulitoa amri. Tulisema siagi ya njugu isionekane tena katika nyumba hii, na mkebe uliokuwa rafuni tukampelekea jirani. Daktari hakusema hivyo. Yeye alisema mama apunguze, na kama moyo unamtaka sana, basi kijiko kimoja cha chai kilichopakwa wembamba, ambacho kina kama gramu tatu za mafuta, huenda kisimdhuru. Neno "apunguze" lilitoka kinywani mwake likaingia masikioni mwetu likiwa "piga marufuku". Hasara ya amri ile tutaifikia mbele.

Njugu si mgeni kwetu. Zimekuja kutoka Marekani ya Kusini karne nyingi zilizopita, zikaota hapa, zikawa zetu. Muuza kahawa chungu wa Mji wa Kale huwa nazo katika vikaratasi vilivyokunjwa, na hakuna sikukuu isiyokuwa na kashata za njugu. Lakini njugu ya kutafunwa moja moja ina kizuizi chake, maana taya huchoka na mazungumzo huingilia kati. Iliyosagwa haina kizuizi. Kijiko kimoja cha mezani chataka njugu zisizopungua kumi na tano, na mtu hukimeza kwa mara mbili bila ya kujua kwamba amekula. Ajabu ni kuwa mmoja wa waanzilishi wa siagi hiyo, Daktari John Harvey Kellogg wa Marekani, aliyeomba hati ya kuitengeneza mwaka 1895, aliwalisha wagonjwa wake badala ya nyama.

Baada ya amri tulijiona tuna wajibu wa kuleta badala yake, tukaenda supamaketi wenyewe. Tulikuta mkebe umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni wa njugu na mafuta yake yamepunguzwa. Bei yake ilikaribia mara mbili ya ule wa kawaida. Tulilipa kwa moyo mkunjufu, tukaubeba mkebe mkononi kama aliyetoka Marikiti na samaki mkubwa.

Binti yetu asomeaye uuguzi aliupokea, akaugeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Kisha akasema, "Baba, umenunua sukari."

Tulikasirika kidogo, kisha tukavaa miwani. Kweli vijiko viwili vya mkebe ule vilikuwa na gramu 12 za mafuta badala ya 16. Robo imeondoka. Lakini kalori zilikuwa 190, zile zile. Mafuta yaliyotolewa yalijazwa kwa sukari na wanga, kwa sababu njugu ikipunguziwa mafuta huwa kavu na haina ladha, na mwenye kiwanda hataki urudishe mkebe. Kwa sheria ya Marekani, kitu hakiruhusiwi kuitwa siagi ya njugu ila kiwe na njugu asilimia 90 kwa uchache. Hii ya mafuta yaliyopunguzwa huko mara nyingi huwa na asilimia 60, ndiyo maana huuzwa kwa jina jingine la kitu cha kupaka. Na mamake mtoto huyu sukari yake ya damu imo mpakani. Tungemtoa katika shimo moja tukamtia katika la pili, kwa bei ya juu.

Tangu siku hiyo, kila tunaponunua kitu kilichoandikwa kwamba kimepunguzwa mafuta, twasoma mahali pawili. Kwanza ni orodha ya vilivyotiwa ndani, ambavyo hutajwa kwa mpangilio wa uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Sukari ikiwa ya pili, tumekwisha elewa. Pili ni safu ya gramu 100, si ile ya "kipimo kimoja cha mlo", kwa sababu kipimo cha mlo hupangwa na mwenye kuuza.

Majirani nao hawakutuacha. Mmoja alishauri siagi ya korosho, akasema korosho za Kilifi ni baridi kwa tumbo. Mwingine alisema lozi, na wa tatu akaleta ufuta uliosagwa katika chupa, kutoka kwa nduguye aliye Dubai. Twawashukuru wote kwa mapenzi yao, lakini kwa mafuta hakuna hata kimoja kipunguzacho. Korosho iliyosagwa ina mafuta sawa na njugu, ama lozi na ufuta huipita kidogo. Watu huchanganya kitu kizuri na kitu chenye mafuta kidogo, nayo si mamoja. Hata majarini ya kawaida mafuta yake yapita nusu ya uzito, na siagi ya maziwa hufika asilimia 80 hivi. Anayetoka kwenye njugu akahamia huko amepanda mlima.

Kuna njugu ya unga, iliyokamuliwa mafuta kiwandani, ambayo mtu huikoroga kwa maji ikawa rojo. Hiyo ni ya kweli: vijiko viwili vya unga vina kama gramu moja na nusu tu ya mafuta na kalori 60. Lakini kwetu hupatikana kwa shida, bei yake ni ya wenye nacho, na ladha yake, kwa maoni yetu, ni kivuli cha njugu. Mwenye uwezo na aijaribu.

Jawabu lilitoka kwa mkaza mwanetu, mke wa kijana wetu mkubwa, ambaye twaishi nao nyumba moja. Yeye ndiye aliyesema, "Baba, kwani lazima iwe njugu? Mama ataka kitu kizito cha kupaka mkate, kimshibishe. Dengu je?"

Tuseme wazi ni dengu zipi, maana sokoni majina huchanganya watu. Twakusudia zile za mviringo, za rangi ya manjano, ambazo unga wake ndio wa bajia. Si zile ndogo za kijani tuziitazo pojo, ambazo wenzetu wa bara huziita ndengu. Dengu zilizopikwa zina mafuta yasiyofika gramu tatu kwa gramu 100, na protini gramu tisa hivi. Waarabu wa Shamu ndizo wazifanyiazo humusi, kwa ufuta uliosagwa, ndimu na thomu. Ufuta ule ndio uletao mafuta. Mkaza mwanetu aliuondoa, akatia badala yake siagi ya njugu vijiko viwili tu kwa sufuria nzima, aliyoiomba kwa jirani yule yule tuliyempelekea mkebe, ili mgonjwa aikute ile harufu aliyoizoea.

Mara ya kwanza haikuwa kitu. Dengu zilikuwa na chenga chenga kama mchanga, na mwenzetu aliuacha mkate nusu, jambo ambalo si desturi yake. Mara ya pili ilikuwa laini lakini nzito kama udongo wa kukandikia. Mara ya tatu mambo yalitengenea, nasi twaeleza njia yake kwa urefu, kwa sababu siri imo katika mambo madogo.

Chukua kikombe kimoja cha dengu kavu, uzichague mawe, uziroweke usiku kucha kwa maji mengi, maana huvimba zaidi ya mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo. Zipike kwa maji mapya pamoja na magadi soda yanayokaa kwenye ncha ya kijiko, basi, usizidishe, la sivyo zitanuka sabuni. Magadi hulegeza maganda, na maganda ndiyo yaletayo chenga. Zipike mpaka dengu moja ukiibana kwa vidole viwili isishindane nawe kabisa. Zikiwa zinakubali kwa shida, rudisha kifuniko. Usiyamwage maji ya kupikia, yahifadhi katika bakuli. Zisage zingali na moto, kwa blenda au kwa kinu, ukitia maji yale kidogo kidogo, kwa sababu dengu zilizopoa husagika vibaya. Kisha ndiyo utie vijiko viwili vya mezani vya siagi ya njugu isiyo sukari, maji ya ndimu moja, punje moja ya thomu, chumvi, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa. Iache iwe nyepesi kuliko utakavyo, kwa maana ikipoa huwa nzito. Hilo ndilo lililotushinda mara ya pili.

Vijiko viwili vya mchanganyiko huu vina mafuta yasiyozidi gramu mbili, mbele ya zile gramu 16. Protini nayo hupungua, twakiri, kutoka saba hivi mpaka tatu, basi afadhali mlaji apate yai lililochemshwa, khasa weupe wake, au samaki wa kuchoma katika mlo mwingine. Hukaa siku nne ndani ya friji. Asiye na friji apike ya siku moja tu. Joto la Mombasa halina subira na dengu.

Mwenzetu aliionja akasema, "Hii si siagi ya njugu."

"Ni dengu," tukamwambia.

"Najua ni dengu. Nasema si siagi ya njugu." Akapaka kipande cha pili.

Mbaazi nazo zingefaa kuliko zote, lau si sisi wenyewe. Mbaazi iliyopikwa kwa maji haina hata gramu moja ya mafuta katika gramu 100. Lakini ni nani hapa kwetu alaye mbaazi kwa maji? Twazila kwa tui la kwanza, zito, ambalo kiasi cha sehemu moja kwa tano ni mafuta, tena mafuta ya aina ile ambayo madaktari wa moyo hawaipendi. Tulimshauri mpishi atie tui la tatu, lile jepesi, kwa ajili ya harufu tu, na vitunguu na nyanya na pilipili manga ziifanye kazi iliyobaki. Kisha aziponde kwa mwiko mpaka zipakike. Si mbaazi za harusi, ila ukila kwa mkate wa moto hutazikumbuka zile nyingine mpaka umekwisha shiba.

Maziwa lala yaliyochujwa katika kitambaa cheupe usiku mzima huwa mazito, yakapakika. Yatiwe chumvi na kotmiri. Mwenye kuepuka mafuta achague maziwa yaliyoondolewa malai, maana kuchuja huondoa maji, na mafuta hubaki yote. Tende zilizopondwa kwa maji ya moto hazina mafuta ya kutajwa, na watoto huzipenda, lakini zaidi ya nusu yake ni sukari, basi mwenye kisukari asidanganywe na baraka zake. Parachichi lina gramu 15 hivi za mafuta kwa gramu 100, kidogo kuliko njugu kwa uzito. Lakini hakuna apakaye parachichi kwa kijiko cha chai. Nusu ya parachichi kubwa kwenye mkate ni sawa na vijiko viwili vya siagi uliyoikimbia.

Sasa twafika kwenye hasara.

Katika nyumba yetu yumo mjukuu wa umri wa mwaka mmoja na nusu. Ni mtoto mwembamba tangu kuzaliwa, mchangamfu, mwenye kuchagua chakula. Tulikuwa hatujui, maana hatukuwa tukiuliza, kwamba mamake alikuwa akimtilia siagi ya njugu katika uji kila asubuhi na jioni, na kwamba uji huo ndio aliokuwa akiumaliza. Tulipotoa amri yetu, aliitii. Aliacha kumtilia. Alimpa uji mtupu na dengu zilizolainishwa, akidhani kilicho kizuri kwa bibi ni kizuri kwa mjukuu. Hata vile vijiko viwili vya kukopa kwa jirani vilikuwa vya sufuria ya mgonjwa.

Mwezi wa Mfungo Sita alimpeleka kliniki kupimwa. Mstari wa uzito katika kitabu chake, ambao hutakiwa kupanda, ulikuwa umelala miezi miwili. Muuguzi aliuliza kimebadilika nini katika chakula chake. Mkaza mwanetu alinyamaza. Hakutaka kumtaja baba mkwe wake mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akaingia kwa mama mkwe wake, na mwenzetu ndiye aliyetujia ukumbini tukisahihisha daftari za wanafunzi, akatuambia kwa sauti ya chini yaliyosemwa kliniki. Tulipomwita mkaza mwanetu na kumwuliza kwa nini hakutueleza mapema, alijibu, "Nilisikia Baba amesema isionekane."

Hatukuwa na jawabu. Tulisimama tukavaa viatu, tukaenda dukani kabla ya adhana ya Magharibi.

Mtoto mdogo tumbo lake ni kama ngumi yake, na mwili wake wajengwa mchana na usiku. Hawezi kula wingi, basi chakula chake chahitaji kuwa na nguvu nyingi katika kijiko kidogo, na hakuna kilicho na nguvu kuliko mafuta. Madaktari wa watoto hawapunguzi mafuta kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, isipokuwa kwa sababu waijuayo wao. Na njugu ina habari yake katika jambo hili. Mwaka 1996, huko Ufaransa, daktari wa watoto André Briend na mwenzake Michel Lescanne walitengeneza chakula cha kuwatibu watoto waliodhoofika kwa njaa. Walichukua siagi ya njugu, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, wakavisokota pamoja katika pakiti. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, haihitaji maji wala moto, na mtoto huinyonya mwenyewe. Pakiti za namna hiyo ndizo zitumikazo hata katika zahanati zetu za Kenya kwa mtoto aliyekonda kupita kiasi. Mafuta yale yale yaliyomwamsha bibi usiku ndiyo yamwinuayo mtoto kitandani.

Mjukuu wetu hakufika kiasi cha kupewa pakiti, tunashukuru. Muuguzi alisema arudishiwe kijiko chake katika uji, kilainishwe vyema. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, wala asilambishwe siagi nzito kwa kijiko, kwani vyote viwili huweza kumkaba. Na mtoto ambaye akila njugu huvimba midomo au kupumua kwa shida, huyo asikaribishwe njugu kwa namna yoyote mpaka aonwe na daktari.

Kwa kuwa njugu zimerudi nyumbani, sasa twazikaanga na kuzisaga wenyewe, bila ya sukari na bila ya mafuta ya kuongeza. Mwenye kufanya hivyo azichague moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye uchungu zitupwe, wala asipewe kuku. Ukungu huo huleta sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu zaidi ya mia katika sehemu za Ukambani. Njugu nazo hupatwa, khasa zilizohifadhiwa mahali penye unyevu, na pwani yetu ni unyevu mtupu.

Bibi mmoja, msomaji wetu, alituuliza baada ya darsa la akina mama: mumewe ameambiwa ana kolesteroli, je, naye aache njugu? Tulimpeleka swali lake kwa yule daktari kijana. Alisema mafuta ya njugu kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyoudhuru moyo, na mwenye kolesteroli akitaka kuanza kupunguza, aanze na samli, tui zito, nyama ya mafuta na vya kukaanga, aiache njugu kwa kiasi chake. Aliye mnene na akataka kupungua, huyo ahesabu vijiko, kwa ajili ya kalori. Mwenye vijiwe vya nyongo huhesabu mafuta yenyewe, ya njugu na ya kisichokuwa njugu. Bibi yule alituambia mumewe hula njugu za karatasi moja kila jioni barazani, na chapati tatu za samli usiku. Tulimwambia aziache njugu zake, na hizo chapati wakae wazizungumze wawili.

Rafuni mwetu sasa mna mkebe wa siagi ya njugu, ulioandikwa kwa kalamu jina la mjukuu, na ndani ya friji mna bakuli la dengu lenye kifuniko cha kijani. Mwenzetu hajaamka usiku tena kwa majuma saba. Upasuaji wake umepangwa mwezi wa Mfungo Saba, Inshaallah, nasi twaomba dua zenu. Alimwuliza daktari kama baada ya hapo ataweza kula kama zamani, akaambiwa kwamba wengi hurudia chakula chao cha kawaida pole pole. Hakutuambia sisi neno hilo. Alimwambia mkaza mwanetu, pamoja na agizo kwamba njugu za mwezi ule zisagwe nyingi kidogo. Kwa sasa dengu za kesho zimekwisha chaguliwa, na kazi ya kuzitia maji kabla ya kulala tumepewa sisi.